Mahindi ya Chumbani

Nikisikia mtu akisema amechoka na pesa, kwamba anataka kurudi shambani ale jasho lake na kuachana na maduka, huwa namwuliza swali moja tu: mahindi yako utayaweka wapi? Wengi hucheka. Wanadhani ninatania. Mimi sitanii, kwa sababu nililelewa katika nyumba iliyofanya jambo hilo hilo miaka mingi kabla halijawa mazungumzo ya watu wa Nairobi walioshiba, na ni katika nyumba hiyo nilimpoteza mama.

Baba alikuwa fundi wa mashine katika kiwanda cha nguo. Katikati ya miaka ya tisini mitumba ilijaa kila soko, kiwanda kikaanza kuyumba, kisha kikafungwa, na wafanyakazi wakaambiwa waende nyumbani wasubiri barua. Barua haikuja. Baba alirudi kwetu Machakos, upande wa Ekalakala, na sanduku la bati, blanketi mbili na hasira ambayo haikumtoka tena. Wiki nzima ikapita. Halafu siku moja baada ya chakula akatuita, mama, mimi na wadogo zangu wawili, akatutangazia kwamba kuanzia hapo hakuna mtu wa nyumba yake atakayekula chakula cha dukani. Pesa ilikuwa imemdanganya mara moja, akasema, na mtu akidanganywa mara ya pili amependa mwenyewe.

Mimi nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Nilidhani ni maneno ya mtu aliyekasirika na kwamba yataisha.

Hayakuisha. Na lazima niseme haki yake, baba alijua kazi. Kuna watu wakirudi kutoka mjini hulima kwa mdomo, wakikaa sokoni wakieleza wengine jinsi ya kufuga kuku. Yeye alilima kwa jembe. Kwenye ule mteremko wetu wa mchanga mwekundu alichimba mitaro kutoka mpaka mmoja hadi mwingine, akatupa udongo upande wa juu, akapanda majani juu ya tuta, na mvua iliyokuwa ikikimbilia kwa jirani ikaanza kukaa kwetu. Alipanda mahindi, kunde, ndengu na mbaazi, na mtama kwa ajili ya miaka mibaya. Alitundika mizinga ya nyuki. Alisokota kamba za mkonge. Alitukatia viatu vya matairi vilivyotuzidi umri, maana mdogo wangu wa mwisho alivaa vile vile nilivyovaa mimi. Moto wa jikoni ulifukiwa majivu usizimike, kwa sababu kiberiti ni pesa. Alijaribu hata kutengeneza sabuni kwa majivu na mafuta ya mbuzi, nami nikaenda shule nikinuka supu ya jana. Wenzangu walinipa jina la utani ambalo sitaliandika hapa.

Chumvi ndiyo iliyomshinda. Chumvi aliipata mjini Matuu kwa mfanyabiashara mmoja Mwislamu, mtu ambaye wazee wake walitoka upande wa Wasomali na mifugo yao wakabaki pale. Baba alimpelekea asali naye akampa chumvi, na wakati mwingine sindano ya kushonea magunia. Yule mzee alimtania kila mara kwamba wateja wote wangekuwa kama yeye, duka lingeshafungwa zamani na yeye angekuwa amerudi kuchunga ngamia. Baba alilipenda sana neno hilo. Alilirudia nyumbani kama mtu aliyepewa cheti.

Hata karo yangu ya sekondari sehemu kubwa ililipwa kwa magunia, maana shule yetu ilipokea mahindi na maharagwe kwa ajili ya jikoni. Wazazi wengine waliona aibu kushusha gunia mbele ya ofisi. Baba alilishusha kwa sauti. Alitaka kila mtu ajue kwamba binti yake anasoma kwa jembe.

Mbele ya nyumba alijenga ghala ambalo kwetu huitwa ikumbi, la fito zilizosukwa, limesimama juu ya miguu ya miti ili panya wasipande na upepo upite chini. Wageni wakija aliwapeleka pale kwanza kabla ya kuwapa kiti. Aliligonga ubavuni kwa kiganja na kusema, akiba haiozi. Nilisikia methali hiyo mara nyingi mno, na kwa miaka kadhaa ilikuwa kweli.

Sasa niseme habari za mama, ambaye watu hawakumsifu kwa lolote kwa sababu sifa zote zilikwenda kwenye mitaro ya baba. Nusu ya mitaro hiyo aliichimba yeye. Kabla baba hajarudi, alikuwa katika mwethya, kile kikundi cha wanawake wanaofanya kazi kwa zamu, leo shamba la huyu, kesho la yule, na mwenye shamba hupika. Wakati wa kuvuna walikuja wote, wakakaa uani, wakapukuchua mahindi huku wakiimba na kusengenya, na kazi ya wiki mbili ikaisha kwa siku moja. Baba aliizima hiyo. Alipiga hesabu kwamba wanawake kumi na wawili hula kwa siku moja chakula chetu cha wiki, kisha wanaondoka wakijua una magunia mangapi. Alisema mtu anayejitegemea hajitegemei nusu. Mama hakubishana naye. Lakini nilimwona siku moja amesimama mpakani, jembe begani, akisikiliza wenzake wakiimba kwenye shamba la jirani, na aliponigundua aliinama akajifanya anang'oa magugu. Nilimhurumia, kisha nikasahau.

Kilichotupata kilitupata mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, mwaka uliofuata baada ya mimi kumaliza kidato cha nne. Mvua fupi zilikuwa mbaya kila mahali. Majirani wengi walivuna mabua. Sisi, kwa sababu ya ile mitaro, tulikuwa na mahindi, si mengi kama miaka mingine, lakini yalisimama. Baba alitembea kati yake asubuhi na jioni mikono nyuma. Aliniahidi kwamba tukifika mavuno ya Julai bila kununua kitu, magunia mawili yatakwenda Matuu kuuzwa na mimi nitaingia chuo cha ualimu. Yeye, ambaye hakutaka kusikia neno kuuza, alisema atauza kwa ajili yangu. Tangu siku hiyo nilianza kuyatazama yale mahindi kama yangu.

Januari wezi wakaanza. Watu wenye njaa hawana miiko, na sitawalaumu. Jirani wa chini alikatwa mistari miwili mizima, mwingine alivuniwa shamba lote wakati akiwa kanisani. Baba hakungoja. Alituamuru tuvune mara moja, ingawa majani ya mahindi yalikuwa bado na ukijani na punje ukiibana kwa ukucha inaacha alama. Tulivuna kwa siku tatu, na siku ya pili mvua isiyo ya msimu ikatunyeshea, tukabeba mahindi yaliyolowa. Wala hakuyaweka ghalani. Ghala lilikuwa uani, linaonekana mpaka barabarani. Tuliyapukuchua wenyewe ndani ya nyumba, mlango umefungwa, vidole vikitoka damu, tukayajaza kwenye magunia ya nailoni aliyoyapata kwa asali, tukayapanga ukutani katika chumba cha wazazi wangu, mengine chini ya kitanda. Magunia manane. Baba alining'iniza kanga ya mama mbele ya magunia ili hata mtoto wa jirani akichungulia asione.

Mama alimwomba ayaanike. Aliomba kwa upole, kama alivyoomba kila kitu, akisema angalau juma moja la jua. Baba alimjibu kwamba punje ikianikwa uani ni kama kupiga mbiu. Akamruhusu aanike kidogo kidogo kwenye mkeka karibu na dirisha, ambapo jua lilifika kwa saa moja. Baada ya wiki chache chumba kile kilikuwa na joto lake lenyewe. Ukitia mkono katikati ya gunia ulihisi uvuguvugu, kama ndani ya kiota kuku akiondoka. Kulikuwa na harufu pia, ya kitu kilicholala muda mrefu mahali pabichi. Baba alisema ni harufu ya chakula na kwamba majirani wangetoa jicho moja ili nyumba zao zinuke hivyo.

Wale wanawake wa mwethya wangekuja kupukuchua, wangejua. Mikono yao ilikuwa imeshika mahindi mengi kuliko mikono ya mwanamume yeyote. Mmoja wao angesema kwa sauti, mbele ya baba, mahindi haya ni mabichi, utawaua watoto. Lakini hakuna aliyeitwa.

Machi mama alianza kuchagua. Alikaa nyuma ya jikoni na ungo, akamwaga kiasi, akatenga. Punje nzuri kabisa zilikuwa mbegu. Zilizofuata zilikuwa zetu. Halafu kulikuwa na fungu la tatu, dogo mwanzoni, la punje zenye rangi ya kijivu na nyingine zenye vumbi la kijani kwenye kiini. Kuzitupa hakuthubutu. Mwaka uliopita baba aliokota kiganja cha mahindi yaliyoliwa na fukusi ambayo mama alikuwa amewarushia kuku, akaja nayo mpaka mezani, akayaweka mbele yake bila kusema neno, na hakumsemesha siku mbili. Katika nyumba yetu punje haikutupwa.

Nilimkuta siku moja anatwanga peke yake mchana, baba akiwa kwenye mizinga. Alikuwa anatwanga muthokoi, yaani mahindi yanayotwangwa mpaka ganda litoke kisha yachemshwe na kunde. Si jambo la ajabu, tulikula muthokoi kila wiki. Lakini alikuwa anapika kwenye sufuria ndogo iliyokatika mkono, na niliposogea nikaona ni lile fungu la tatu. Nikachota kijiko. Yalikuwa machungu, uchungu unaokaa nyuma ya ulimi. Nikatema.

Nilimwambia ni mabaya. Mama aliendelea kukoroga.

"Ukitwanga ganda litoke na uoshe na maji mara tatu, ile sumu ya ukungu inaenda na makapi," akasema. "Nikitupa, baba yako atakasirika. Nikimpikia, atakasirika. Wacha nikule mimi, yaishe. Usimwambie."

Sikumwambia. Ningetaka kuandika kwamba nilimsihi, au kwamba nilikula naye ili kumsaidia kuyamaliza. Nilichofanya ni kusukutua mdomo kwa maji na kushukuru kwamba sufuria ile si yangu. Niliwaza pia, na hili ndilo linalonichoma, kwamba akila yale mabaya, mazuri yatabaki mengi zaidi. Kwa siku nyingi baada ya hapo nilimwona akila kabla yetu, au akisema hana njaa tukikaa kula, na kila mara nikageuza uso.

Wa kwanza kuondoka alikuwa mbwa wetu. Yeye ndiye aliyelamba ile sufuria. Aliacha kula, akalala kwenye kivuli cha ghala tupu, akafa baada ya siku nne. Baba alisema wezi wamempa sumu ili waje bila kubwekewa, akaongeza komeo kwenye mlango wa chumba. Mama alimtazama mbwa yule akizikwa na sikuona chochote usoni mwake. Sijui kama alifahamu. Nimejiuliza miaka yote hii. Nafikiri mtu anaweza kujua jambo kwa mikono bila kulijua kwa kichwa, kwa sababu juma lile alisugua sufuria kwa mchanga mpaka ikang'aa, kisha akapika tena humo.

Aprili akaanza kuchoka. Alikuwa akipanda kilima na ndoo, anaiweka chini mara tatu. Kisha tumbo likajaa gesi, miguu ikavimba, chakula kikawa kinarudi. Baba alimchemshia mwarobaini, akampa asali, akamkanda tumbo mwenyewe usiku na mchana, na sikuwahi kumwona akimgusa mama kwa upole namna ile. Nataka hilo lijulikane. Hakuwa mtu katili. Aliamini tu kwamba shamba lina dawa ya kila kitu, na kwenda hospitali ilikuwa kurudi kwa wale wale waliomdanganya.

Siku macho ya mama yalipogeuka manjano, mdogo wangu wa kike alipiga kelele alipomwona. Baba alimtazama mama kwenye mwanga wa mlango kwa muda mrefu. Halafu alitoka, akafungua mbuzi wawili, akawapeleka Matuu kwa miguu, akarudi na gari la kubeba mchanga ambalo yule mwuza chumvi alikuwa amemwombea. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mingi kumwona baba akiwa na noti mkononi. Alizishika kwa vidole viwili.

Hospitalini walimpa mama kitanda alichogawana na mwanamke mwingine, na yeye pia alikuwa na macho ya manjano. Kulikuwa na wengine. Sikulitilia maanani. Daktari alikuwa kijana, amechoka, mwenye adabu. Alimbonyeza mama tumbo, akaandika, akatugeukia. Aliuliza kwa Kiswahili, na baba akamjibu kwa kile Kiswahili chake cha kiwandani.

"Kuna kitu huyu mama amekula, nyinyi wengine hamjakula?"

"Daktari, sisi tunakula sufuria moja," baba akasema. "Na si chakula ya duka. Ni ya shamba yangu. Hapo huwezi kupata shida."

Daktari hakuridhika. Alinitazama mimi. Akaniuliza kama ni mimi ninayepika na mama, nikasema ndiyo. Akaniuliza kama ni kweli wote tunakula kitu kimoja.

Mama alikuwa ananitazama kutoka kitandani. Hakutikisa kichwa, lakini nilimwelewa, kwa sababu nilikuwa nimemwelewa maisha yangu yote. Hakutaka baba aaibishwe mbele ya watu. Nilimwogopa baba pia. Na chini ya hayo mawili kulikuwa na jambo la tatu: niliona kwamba nikitaja mahindi watakuja kuyatazama, na wakiyatazama huenda wakayachukua yote, na chuo changu kikaondoka pamoja nayo. Mambo hayo matatu yalipita kichwani mwangu kwa muda wa kumeza mate.

"Ni kweli," nikasema.

Daktari akaandika.

Mama aliishi siku nne. Hospitali ilikuwa na chakula, lakini baba alisema mgonjwa hapati nguvu kwa chakula asichokijua, hivyo nilikuwa nimebeba unga wetu kwenye mfuko, na kila asubuhi nilimpikia uji kwenye jiko la nyuma ya wodi. Alikunywa vijiko vichache ili kunifurahisha. Nilimpangusa mdomo. Mimi, kwa mkono huu, nilimpa uji wa mahindi yale mpaka siku aliyokataa kufungua mdomo. Nimeambiwa na muuguzi mmoja, ambaye alikuwa mteja wangu baadaye, kwamba mtu akishafikia hali ile ini huwa limekwisha na uji haubadilishi kitu. Nilimshukuru. Sikumwamini.

Tulimzika nyuma ya nyumba. Wanawake wa mwethya walikuja wote bila kuitwa. Waliteka maji, walipika, walifagia, walilala chini na wadogo zangu, na walikuja na chakula chao wenyewe ili wasiguse chetu, kwa sababu walijua tabia ya baba. Sikuweza kuwatazama machoni.

Kabla matanga hayajaisha, redio ikaanza kusema. Watu walikuwa wanakufa Makueni, Kitui, kwetu Machakos, na ni mahindi, mahindi ya nyumbani yaliyohifadhiwa yakiwa mabichi. Redio ilikuwa ya jirani. Tuliisikiliza tukiwa upande wetu wa mpaka. Baba alisimama na kikombe mkononi mpaka taarifa ilipokwisha. Alisema kwamba ni njama ya wenye maduka ili watu wanunue unga.

Chifu alikuja baada ya siku chache na watu wa kilimo, wakiwa na lori la mahindi ya msaada, gunia kwa gunia, ukitoa lako unapewa lingine. Baba alikataa kuwafungulia. Alisimama mlangoni na kusema alichokula mke wake ndicho alichokula yeye, na yeye yuko hai. Chifu alimwambia polepole kwamba asipofungua leo atafungua kesho mbele ya askari, na watoto bado wako naye. Akatoa ufunguo. Walipofungua gunia la nyuma kabisa, lililogusa ukuta, vumbi la kijani lilipanda mpaka kijana mmoja akarudi nyuma akifunika pua. Baba hakuwaacha wayabebe. Aliyabeba mwenyewe, moja moja mgongoni, kutoka chumbani mpaka kwenye lori, na kila alipopita mbele yangu alikuwa ananong'ona kitu nisichosikia. Wakatuachia magunia meupe yenye maandishi. Tuliyala. Yeye pia aliyala.

Chuo sikwenda. Niliwalea wadogo zangu, na ili wasome nilitafuta pesa, pesa ile ile. Nilienda Kyumbi, pale magari yanapokata kuingia Machakos, nikauza maembe na machungwa ya Matuu kando ya barabara kwa miaka kadhaa mpaka nikapata kibanda. Leo ninanunua kila kitu ninachokula, hata sukuma wiki, na ninachagua mahindi sokoni punje kwa punje mpaka wachuuzi wananikasirikia. Baba alibaki nyumbani. Alilima kidogo, kisha kidogo zaidi. Mitaro ikaanza kujaa udongo. Watu waliacha kuja kuiona.

Nilikaa na lile neno "ni kweli" karibu miaka sita. Nililala nalo. Niliwahi kulisema kanisani kwa kupinda, kwamba niliwahi kumdanganya mtu na madhara yakatokea, na watu wakaitikia amina kana kwamba nimesema habari ya mvua. Mwishowe niliona kwamba baba anazeeka na kwamba anaamini mpaka leo kwamba tulikula sufuria moja, kwamba Mungu alimchagua mama tu na kutuacha sisi. Nikaona ni dhambi ya pili kumwacha afe na uongo wangu. Nikaenda nyumbani siku ya kazi, si Jumapili, ili wadogo zangu wasiwepo.

Nilimkuta ameketi uani akirekebisha kikapu. Nilikaa chini karibu naye, nikamwambia yote bila kupamba: fungu la tatu, sufuria iliyokatika mkono, uchungu niliotema, macho ya mama pale kitandani, swali la daktari na jibu langu. Nikamwambia hata habari ya magunia mawili ya chuo. Nilitegemea anipige, au alie, au aniambie niondoke nisirudi.

Hakuacha kusuka. Aliingiza uzi, akauvuta, akauingiza tena.

"Mwiitu wakwa, binti yangu, ile sufuria niliiona tangu wiki ya kwanza," akasema. "Nilionja siku moja mama yako akiwa mtoni. Nikapiga hesabu, nikaona akikula yale mabaya, mazuri yatatufikisha Julai. Nikanyamaza."

Akanitazama mara hiyo tu, kisha akarudi kwenye kikapu. Nilikuwa nimekuja kumwomba msamaha. Nilibaki nimeketi pale chini kando yake, na mtu wa pekee ambaye angeweza kutusamehe sisi wawili alikuwa nyuma ya nyumba.